Fomu ya Kujitoa Si Cheti cha Kodi

Kijitabu kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaofanya kazi za mkataba Uingereza kupitia mawakala wa ajira

Barua pepe ya wakala mara nyingi huja Ijumaa jioni, na kazi inaanza Jumatatu. Ndani yake mna kiungo cha kusaini kwa simu. Kuna ukurasa wa akaunti ya benki, ukurasa wa pasipoti, ukurasa wa kutunza siri za mteja, na katikati, kama umechomekwa tu, ukurasa mfupi unaosema kwamba wewe na kampuni yako mmeamua kujitoa katika Kanuni za Mawakala wa Ajira za 2003. Ukiuliza ni wa nini, utajibiwa: "Ni utaratibu tu, kila mtu anasaini. Usiposaini utahesabiwa uko ndani ya IR35."

Ni kweli kwamba wengi wanasaini. Hayo mengine si kweli. Fomu ya kujitoa inahusu ulinzi wako mbele ya wakala; IR35 inahusu kodi. Ni sheria mbili tofauti, zina vipimo tofauti, na mawakala wasiojua, au wanaojua na kunyamaza, huzifunga kwenye fungu moja.

Unachokiacha ukisaini

Kanuni za 2003 zilianza kutumika tarehe 6 Aprili 2004. Ulinzi wake mkubwa ni wa malipo. Kama hujajitoa, wakala hawezi kukunyima pesa za siku ulizofanya kazi kwa kisingizio kwamba mteja bado hajamlipa. Hawezi pia kukuzuilia kwa sababu tu karatasi yako ya saa za kazi haijasainiwa na meneja wa mteja; anaruhusiwa kuhakikisha kwamba kweli ulifanya kazi, lakini hilo ni jukumu lake. Ukijitoa, kinga hiyo inaondoka, na kinachobaki ni mkataba wako. Nayo mikataba mingi ya mawakala ina kifungu kinachosema utalipwa baada ya mteja kulipa. Mteja akifilisika mwezi wa tatu wa kazi, hasara inakuwa yako.

La pili ni uhuru wa kuhama. Mteja akipendezwa na kazi yako na kutaka kukuchukua bila kupitia kwa wakala, Kanuni zinaweka kikomo cha muda ambao wakala anaweza kumdai ada: wiki 8 tangu siku ya mwisho uliyofanya kazi kupitia kwake, au wiki 14 tangu siku ya kwanza, kutegemea ni ipi inayoisha baadaye. Aliyejitoa hana kikomo hicho. Atakuta mkatabani vizuizi vya miezi sita, hata mwaka.

Kuna pia hati ya maelezo muhimu, ambayo tangu tarehe 6 Aprili 2020 wakala analazimika kukupa kabla hamjakubaliana masharti. Inaonyesha nani atakulipa, kiasi gani kitakatwa na kwa nini, pamoja na mfano wa kinachobaki mkononi. Ukijitoa, hana wajibu wa kukupa.

Kwa nini basi mtu ajitoe? Sababu zipo. Wateja wengine hawapendi usumbufu wa Kanuni, na fundi wa kompyuta mwenye kampuni imara, akiba ya kutosha na mwanasheria wa kumsomea mkataba anaweza kuona hapotezi kitu. Sisi tunaona kwamba mtu anayeishi kwa malipo ya wiki hadi wiki hana faida yoyote katika kujitoa.

Masharti ya kujitoa kihalali

Kujitoa kunawezekana tu pale ambapo kati yako na wakala kuna kampuni: yako mwenyewe au ya mwavuli, yaani inayokuajiri na kukulipa ikiwa katikati yako na wakala. Kama wakala anakulipa moja kwa moja kwa PAYE, yaani mshahara unaokatwa kodi kabla hujaupokea, huna cha kujitoa, na fomu hiyo haina kazi.

Taarifa lazima itolewe na wote wawili, yaani kampuni na mtu atakayefanya kazi. Lazima itolewe kabla ya kutambulishwa au kupelekwa kwa mteja, na wakala naye lazima amjulishe mteja. Tuseme mchambuzi wa takwimu anayeishi Reading alifanyiwa usaili Machi, akaanza kazi Aprili, na fomu akaletewa Mei ili "kukamilisha faili". Saini ya Mei imechelewa. Kwa kazi hiyo bado analindwa na Kanuni, na wakala akimzuilia malipo kwa sababu mteja hajalipa, anavunja sheria. Kwa hiyo tunza barua pepe zako zote: tarehe ya usaili, tarehe ya kuanza, tarehe ya kusaini. Ndizo zitakazoamua ugomvi wenu.

Tena wakala haruhusiwi kukuambia kwamba bila kujitoa hatakutafutia kazi. Sheria inakataza waziwazi kulifanya hilo sharti. Mazoea yanajulikana, simu huacha kuita ghafla, lakini ombi la kujitoa likija kwa maandishi kama sharti, umepata ushahidi. Na kama ulikwisha kujitoa ukabadili mawazo, unaweza kuondoa taarifa yako, ila kwa kazi uliyomo sasa ulinzi haurudi mpaka uimalize.

Kazi za kutunza watu

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu wengi wetu ndiko tuliko: nyumba za wazee, wodi za hospitali, huduma kwa watoto na kwa watu wenye ulemavu. Katika kazi hizi kujitoa hakuruhusiwi. Anayehudumia mtu aliye chini ya miaka 18, au mtu anayehitaji uangalizi kwa sababu ya umri, udhaifu au hali nyingine, analindwa na Kanuni hata kama amesaini fomu kumi. Muuguzi aliyeambiwa afungue kampuni ili "alipwe vizuri zaidi", kisha akapewa fomu ya kujitoa, amepewa karatasi isiyo na nguvu.

Na kuna hatari nyingine ambayo mawakala hawaitaji. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara. Kufungua kampuni yake na kufanya kazi za ulezi kupitia kwayo ni kuvunja masharti ya viza, na adhabu ya hilo haimpati wakala.

Kodi ni shauri jingine

Jina IR35 lilitokana na namba ya tangazo la idara ya mapato la mwaka 1999. Sheria yenyewe ilianza Aprili 2000. Swali lake ni hili: kama kampuni yako isingekuwepo katikati, je, ungehesabiwa mwajiriwa wa mteja? Kama ndiyo, uko ndani, na kodi ya mapato pamoja na michango ya Bima ya Taifa hukatwa kama ya mwajiriwa. Kama sivyo, uko nje, na kampuni yako inapokea malipo kamili na kulipa kodi zake yenyewe.

Kinachotazamwa ni jinsi kazi inavyofanyika. Nani anaamua ufanye nini, lini na kwa namna gani? Unaweza kweli kumtuma mtu mwingine badala yako, au hilo limeandikwa tu mkatabani na mteja angelikataa? Mteja ana wajibu wa kukupa kazi, na wewe wa kuipokea? Ukikosea, unarekebisha kwa gharama yako? Fomu ya kujitoa haimo katika vipimo hivi kama mwamuzi. Unaweza kujitoa na ukawa ndani. Unaweza kubaki na ulinzi wako wote na ukawa nje.

Tangu 6 Aprili 2017 kwa taasisi za umma, na 6 Aprili 2021 kwa kampuni binafsi za kati na kubwa, anayeamua hali yako ni mteja. Si wakala, wala si wewe. Mteja akiwa kampuni ndogo ya binafsi, uamuzi unabaki kwa kampuni yako, na lawama pia. Septemba 2022 serikali ilitangaza kuyafuta mabadiliko hayo, na mwezi uliofuata ikabatilisha tangazo lake. Akikwambia mtu kwamba "IR35 ilifutwa", habari zake ziliishia hapo.

Mteja anayeamua lazima akupe tamko la maandishi lenye sababu. Usikubali "wote mko ndani" ya mdomoni. Ukipinga tamko, andika hoja zako. Ana siku 45 za kukujibu, na asipojibu mzigo wa kodi unamwangukia yeye. Hata hivyo, ana haki ya kusema hachukui watu wenye kampuni kabisa. Hapo huna rufaa.

Ubaya wa kuwa ndani ni kwamba unakatwa kama mwajiriwa bila kupata haki za mwajiriwa. Uamuzi wa IR35 peke yake haukupi likizo wala malipo ya ugonjwa.

Pauni 400 za mwavuli

Wengi walio ndani huishia kampuni ya mwavuli, na huko ndiko malalamiko yanakozaliwa. Wakala anataja pauni 400 kwa siku, wewe unapiga hesabu ya 2,000 kwa wiki. Lakini hizo ni pesa zinazolipwa kwa mwavuli, si mshahara wako. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, mwavuli unaokata pauni 20 za ada yake kwa wiki utatoa pia karibu pauni 245 za Bima ya Taifa ya upande wa mwajiri na karibu 9 za tozo ya mafunzo ya kazi. Mshahara ghafi unabaki kama pauni 1,727, na ndani yake huenda malipo ya likizo yamo tayari. Kodi yako na Bima ya Taifa yako bado hazijaguswa, wala pensheni. Huo si wizi. Wizi ni kutokwambia kabla, na kwa hiyo idai ile hati ya maelezo muhimu.

Mwavuli unaokuahidi kubaki na asilimia 85 au 90 ya malipo ukimbie. Mara nyingi sehemu kubwa ya pesa inapitishwa kama "mkopo" usiolipwa, na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inaihesabu kuwa mapato. Deni la kodi litakufuata wewe, hata kama kampuni imekwisha kufungwa na waliokushawishi wamehama.

Kabla hujasaini

Usichanganye fomu hii na ile ya saa 48 kwa wiki. Hiyo inatoka katika Kanuni za Muda wa Kazi za 1998, na unaweza kuifuta kwa taarifa ya siku 7, au muda mrefu zaidi mliokubaliana usiozidi miezi 3.

Mwandikie wakala mstari mmoja: "Sijajitoa katika Kanuni za 2003. Naomba hati ya maelezo muhimu na tamko la mteja kuhusu hali yangu ya kodi." Wakala mwaminifu atavituma. Akikuzungusha, au akikuzuilia malipo, piga simu Acas, shirika la ushauri wa kazi, 0300 123 1100, wakueleze haki zako za kazini bila malipo. Mambo ya kodi waulize HMRC au mhasibu asiyeletwa na wakala. Piga kabla ya kusaini.