Uyoga wa Mamama: Chakula Bora, Si Dawa ya Kila Ugonjwa

Mvua za masika zinapoanza, akina mama na watoto wa vijiji vya Kilosa na Mikumi huingia porini na kurudi na uyoga. Siku hizi wapo pia wanaoulima nyumbani, hasa ule uitwao mamama, ambao kofia zake hupangana kama kombe za chaza. Pamoja na kilimo hicho zimekuja sifa nyingi: eti uyoga huponya kisukari, shinikizo la damu, hata saratani. Katika somo hili tutazame uyoga unampa mlaji kitu gani, hauwezi kumpa kitu gani, na namna ya kuupata bila kuhatarisha maisha.

Kilichomo ndani ya uyoga

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uyoga mbichi ni maji. Ndiyo maana sufuria iliyojaa hubaki nusu ukiiva. Robo kilo ya mamama mbichi ina protini gramu 8 hivi. Maharage yaliyopikwa ya uzito huohuo yana zaidi ya gramu 20. Basi uyoga huongeza nguvu ya mboga, lakini usiondoe maharage, dagaa au mayai katika sahani ya mtoto kwa sababu kuna uyoga. Vipike pamoja.

Palipo na utajiri zaidi ni kwenye vitamini za kundi B. Robo kilo hiyo ina zaidi ya nusu ya niasini anayohitaji mtu mzima kwa siku. Mwili unaotegemea ugali wa mahindi peke yake huweza kuikosa, na upungufu mkubwa huleta pelagra: ngozi kuchubuka inapopigwa na jua, kuharisha na kuchanganyikiwa. Vitamini hizi huyeyuka katika maji, kwa hiyo usimwage mchuzi. Uyoga ukianikwa juani hutengeneza pia vitamini D, inayosaidia mifupa.

Mamama una mafuta na chumvi kidogo sana, na una nyuzinyuzi. Hivyo unawafaa wenye kisukari na shinikizo la damu, mradi mpishi asiujaze chumvi na mafuta.

Je, ni dawa?

Wataalamu wamekuta ndani ya mamama lovastatini, kitu kilekile kilichomo katika baadhi ya dawa za kupunguza lehemu katika damu. Lakini kiasi chake ni kidogo na hubadilika, hakilingani na kidonge. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, saratani au anayetumia ARV asiache dawa kwa kuahidiwa unga wa uyoga. Ale uyoga kama mboga, na dawa ameze kama alivyoelekezwa.

Hatari ya uyoga wa porini

Wengine huamini kwamba uyoga ulioliwa na nyani au konokono ni salama kwa binadamu. Si kweli. Wala kuuchemsha na kitunguu au kijiko cha fedha hakuonyeshi sumu. Sumu ya hatari zaidi huharibu ini, na haiondoki kwa kupika wala kukausha.

Dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24 baada ya kula: kutapika, kuharisha, tumbo kusokota. Kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Usingoje. Wote waliokula wapelekwe hospitali upesi, iwe ya Wilaya Kilosa au ya Mtakatifu Kizito Mikumi, na mabaki ya uyoga yachukuliwe. Uyoga usioutambua kwa hakika, uache. Tena, kuokota ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hakuruhusiwi.

Kuulima nyumbani

Uyoga wa kulima huondoa mashaka hayo, mradi mbegu zitoke kwa mtaalamu anayeaminika. Mabua ya mpunga hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa au hufukizwa kwa mvuke katika pipa, kisha hupozwa na kupandwa mbegu katika mifuko. Mifuko hukaa gizani wiki mbili hadi nne mpaka iwe myeupe, halafu hutobolewa na kunyunyiziwa maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mamama huota pia kwenye mabaki ya mkonge yaliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Hiyo ni habari njema kwa wilaya yenye mashamba ya mkonge kama Kilosa.

Angalia mambo matatu. Usitumie mabua yaliyonyunyiziwa sumu ya wadudu. Vuna kofia zikiwa bado zimejikunja pembeni, kwa maana zikikomaa hutoa vumbi laini linaloweza kuleta kikohozi na kubanwa kifua. Funika pua na mdomo uvunapo, na usilale katika chumba cha uyoga. Mwisho, uyoga uive vizuri, usiliwe mbichi.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Wiki hii watoto wetu wamekula mboga zipi mbali na majani?
2. Nani nyumbani ameacha dawa kwa kusikia sifa za chakula fulani? Tumsaidieje?
3. Watoto wetu wanajua kwamba hawaruhusiwi kula uyoga waliouokota kabla mtu mzima hajautambua?