Dondoo Muhimu: Kumtuliza Farasi Mwenye Hofu

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, amehadithia kwamba Bucephalus, farasi aliyewashinda wapandaji wote, alitulia pale Alexander wa Makedonia, ndiye Iskandar wa Waarabu, alipotambua kuwa mnyama yule alikuwa akiogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza akabili jua. Basi atakaye kumfunza farasi mwoga na azingatie haya:

• Tafuta sababu kabla ya dawa. Farasi, aliyeumbwa kumkimbia adui, hashtuki kwa inadi. Chunguza kwanza asiwe na maumivu ya meno, mgongo au kwato.

• Mkaribie ubavuni, ukisema naye kwa sauti ya upole, kwa maana haoni kilicho nyuma yake kabisa, wala kilicho karibu mno na paji la uso wake.

• Kitu kimtishacho, kiwe turubai au mwavuli, kiweke umbali ambao aweza kukitazama bila ya kutaharuki, kisha ukisogeze kidogo kidogo, siku baada ya siku.

• Legeza kamba mara tu ashushapo kichwa na kutoa pumzi, kwani raha ipatikanayo papo hapo ndiyo ijara yake.

• Somo liwe la dakika 10 hadi 15, nalo likome angali mtulivu.

• Usimwadhibu kwa hofu yake. Xenophon, mwandishi mwingine wa Kiyunani, katika karne ya 4 kabla ya Masihi, alikwisha kuusia kwamba farasi asikabiliwe kwa ghadhabu. Subira ni ufunguo wa faraja.