Wimbi la redio shimoni: lini linanyamaza, lini linaua



Ukurasa huu huwaletea habari za vumbi, malaria, kofia ya kazi na maji safi. Leo tutasoma juu ya kitu kisichoonekana wala kunuka: wimbi la redio. Msiseme hilo ni somo la maenjinia tu. Mtu wa shimo anabeba redio mkononi kila siku, na afadhali ajue mapema kwamba redio ile inaweza kunyamaza saa anapoihitaji, na tena inaweza kusema na waya ambazo hakutaka iseme nazo.

Mimi si enjinia, ni msaidizi wa munganga. Somo hili nililipata kwangu nyumbani. Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kule Kasapa, na wakati wa mitihani huja kusomea kwangu kwa sababu ya utulivu. Nadhani na ya bukari pia. Jioni moja nilimweleza jambo lililonipata miaka iliyopita.

Niliitwa kushuka shimoni kumchukua mtu aliyevunjika mguu. Juu, karibu na mlango, nilijaribu redio yangu: sauti safi. Nilipopita kona ya kwanza ya galeri, sauti ilianza kukatika. Kona ya pili, kimya. Nilidhani batri imekwisha. Mgonjwa analia, damu inatoka, na mimi napigapiga redio ile juu ya goti. Mwenzangu alikimbia mpaka kwenye simu ya waya, na wa juu walipata habari baada ya dakika karibu 10. Tulipopanda, redio ikaanza tena kusema. Batri ilikuwa nzima.

Kijana akacheka kidogo. "Baba mdogo, redio yako haikuwa na kosa. Jiwe ndilo lilimeza wimbi."

Tuanze basi mwanzoni. Ndani ya antena, umeme unakimbia kwenda na kurudi mara nyingi sana kwa sekunde moja. Mbio hizo zinatikisa nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku kando ya antena. Moja inaizaa nyingine, nyingine inaizaa ile ya kwanza, na hivyo zinaondoka pamoja kwenda mbali. Hazihitaji waya, hata hewa hazihitaji. Zinakwenda kilometa 300 000 kwa sekunde: toka Lubumbashi mpaka Kinshasa, njia ya zaidi ya kilometa 1 500, wimbi linafika kabla hujapepesa jicho. Maxwell wa Scotland aliyapata hayo kwa hesabu mwaka wa 1865, na Hertz wa Ujerumani akayaonyesha kwa vyombo karibu na mwaka wa 1888. Kwa heshima yake tunahesabu mitikiso kwa hezi. Milioni moja ni megahezi.

Hesabu moja tu mnaweza kuishika kichwani. Chukua 300, gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa meta. Redio ya FM ya megahezi 100: wimbi la meta 3. Redio ya mkononi ya megahezi 150: meta 2. Simu ya mkononi ya megahezi 900: sentimeta 33. Redio ya masafa marefu ambayo watu wanaiita foni, tuseme megahezi 6: meta 50. Na waya hupokea vizuri zaidi ukiwa na urefu wa nusu ao robo ya wimbi. Ndiyo sababu mwenye foni anatandika waya mrefu toka mti mpaka mti, na wewe unatembea na kipande kidogo cha antena begani. Shikeni neno hili la urefu wa waya, tutalirudia.

Wazee wa mji huu wameishi na mawimbi zamani sana. Toka mwaka wa 1911 mpaka 1913 Wabelgiji walijenga mstari wa stesheni za simu bila waya toka Banana, kwenye bahari, mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hewani, juu ya msitu na mito, mambo yaliwezekana. Mawimbi ya foni yenyewe yanapanda mpaka tabaka za juu za hewa, yanarudishwa chini kama mpira ukutani, na yanafika mbali sana.

Chini ya ardhi ni habari nyingine. Kitu chochote kinachopitisha umeme kinameza wimbi: mwamba wenye maji, jiwe lenye madini ya shaba, chuma cha reli. Wimbi likiingia humo linaamsha mikondo midogo ya umeme, nguvu yake inageuka joto kidogo, basi limekwisha. Wimbi fupi linakwisha upesi kuliko refu. Galeri iliyonyooka inaweza kuliongoza kidogo, lakini kona inalikata. Fikirini shimo kama la Kipushi, lenye kupita meta 1 000 kwenda chini!

Kwa hiyo katika mashimo mengi wanatundika kable ya namna ya pekee, ambayo ngozi yake ya nje ina nafasi wazi. Wimbi linatembea ndani yake na kuvuja njiani, na la redio yako linaingia papo hapo. Jiwe likianguka na kukata kable, wenye kuwa ng'ambo ya pale wanaweza kubaki bila sauti. Ulizeni kable inaishia wapi. Jaribuni redio pale mnapofanya kazi, si mlangoni kama nilivyofanya mimi. Na kila mtu ajue kwa miguu yake simu ya waya iko wapi.

Wamama wananiuliza pia kama mnara wa simu unawachoma watoto sawa na mashine ya picha ya mifupa. Hapana. Mionzi ya hospitali inaweza kuvunja vipande vidogo kabisa vya mwili. Wimbi la redio halina nguvu ya namna hiyo, kazi yake ni kupasha joto. Lakini antena kubwa, mtu akiikaribia sana ao kuishika inapotuma, inaunguza kweli. Asiyetumwa asipande mnara.

Sasa turudi kwenye urefu wa waya. Detonateri ya umeme ina waya mbili zinazotoka nje. Waya hizo hazijui kama ni za baruti. Kwa wimbi ni antena tu. Redio ya megahezi 150 ikituma karibu na waya wa meta 1, ndiyo nusu kamili ya wimbi lake, mkondo wa umeme unaweza kuamka ndani ya waya, ukapasha moto uzi mdogo wa detonateri, na baruti ikalipuka mikononi mwa watu.

Wengine wanasema: "Mimi sibonyezi kitufe." Ndugu, simu yako haingoji ubonyeze. Yenyewe inajibu mnara, hata ikiwa mfukoni. Na kama leo kuna detonateri zisizowashwa kwa umeme, wewe unayepita hujui sanduku lile lina namna gani. Redio na simu zibaki kwenye mpaka ambao mkubwa wa baruti ameweka. Yeye ana karatasi ya umbali kwa nguvu ya kila redio, na redio ya gari inadai umbali mkubwa kuliko ya mkononi. Waya za detonateri zikae zimefungwa pamoja ncha kwa ncha mpaka saa ya kuziunganisha.

Radi nayo ni stesheni kubwa ya kutuma. Ikikaribia, watu wa baruti wanaacha kazi na kuondoka pale. Nyumbani, wakati wa mvua, mkisikia redio ya masafa mafupi inakwaruza kra! kra! na makwaruzo yanazidi, muite watoto waingie ndani, na mtoe waya wa antena ya nje kwenye redio kabla radi haijafika juu ya nyumba.