Babu Aliitwa Nani? Majina ya Kati, Lakabu na Nasaba Zetu



Siku tulipomzika babu yangu hapa Arua, msemaji wa familia alisimama kabla ya maiti kuswaliwa akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, warithi wapo. Alitaja majina mawili yaliyo kwenye kitambulisho. Watu wachache walijitokeza, wakalipwa, nasi tukadhani tumemaliza.

Baada ya miezi minane, mzee mmoja kutoka Koboko alifika kwa shangazi yangu kwa shughuli nyingine. Akaona picha ukutani, akauliza, "Huyu si Fundi Baiskeli?" Tangazo la msiba alilisikia redioni, lakini hakujua kwamba aliyekufa ni rafiki yake. Koboko, kabla ya vita vya 1979, babu hakuwa na jina jingine. Na mzee yule alikuwa anamdai bei ya mbuzi wawili.

Deni lililipwa siku hiyo hiyo, alhamdulillah. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba roho ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka alipiwe. Babu alikaa miezi minane na deni, si kwa sababu hatukuwa na pesa, bali kwa sababu hatukujua jina lake lote. Ndiyo maana naandika somo hili.

Wanazuoni wa hadithi walifanyaje?

Katika elimu ya wapokezi wa hadithi tunafundishwa kwamba jina la mtu lina sehemu kadhaa: jina lenyewe, nasaba (mwana wa fulani), kunia (baba au mama wa fulani), lakabu, na nisba ya mahali, kabila au kazi. Tazama Abu Bakr (r.a.). Jina lake ni Abdullah, na baba yake ni Uthman. Ukimwita Abu Bakr bin Abi Quhafa umetaja kunia mbili, na hujataja jina hata moja. Anayemtafuta Abdullah bin Uthman peke yake anaweza kumpita bila kumtambua.

Vivyo hivyo mpokezi mashuhuri al-A'mash, yaani mwenye macho dhaifu, jina lake ni Sulayman bin Mihran. Al-A'raj, yaani kiguru, ni Abdurrahman bin Hurmuz. Ibn Hajar alitunga kitabu kizima cha lakabu, na al-Khatib al-Baghdadi akatunga kingine juu ya watu tofauti wenye majina yanayofanana. Walijua kwamba ukikosea jina, unaweza kumfanya mtu mmoja kuwa wawili, au wawili kuwa mmoja.

Majina ya kwetu

West Nile kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kwa asili hatukuwa na jina moja la familia. Kila mtoto wa Kilugbara hupewa jina lake, na mara nyingi jina hilo linasimulia hali ya nyumba siku alipozaliwa. Candiru na Candia hutokana na shida. Ayikoru ni furaha. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza wasishirikiane jina lolote. Wakakwa nao, kama wasemaji wengine wa lugha za Kibari, wana majina yanayofuata mpangilio wa kuzaliwa: Kiden ni msichana aliyekuja baada ya wavulana. Kwa hiyo jina la kati, ambalo wengi wetu tunaliandika kwa herufi moja na nukta, huenda ndilo linalobeba historia.

Majina ya Kiislamu pia yana habari. Juma, Rajabu, Shabani, Ramadhani na Idi mara nyingi huonyesha siku au mwezi wa kuzaliwa. Lakini angalia tahajia. Eneo letu lilikuwa chini ya Kongo ya Mfalme Leopold, kisha Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914. Na baada ya 1979 wazee wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Aliyekuwa Ramadhani huku, ng'ambo ya Kongo aliandikwa Ramazani, na Juma akawa Djuma. Ni mtu yule yule.

Tahadhari: mfano wa "Dada"

Lakabu hudanganya pia. Wageni wengi waliandika kwamba Idi Amin aliitwa "Dada" kwa sababu eti alipokutwa na wanawake kambini alisema ni dada zake. Ni hadithi ya kuchekesha kwa anayejua Kiswahili peke yake. Lakini familia yake inaeleza kwamba baba yake, Mkakwa aliyesilimu, tayari aliitwa Amin Dada. Mambo ya utawala wake ni mada nyingine. Somo letu ni kwamba maana ya jina huulizwa kwa wenye jina, na katika lugha yao.

Adabu

Sura ya al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kuitana majina mabaya. Al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha kuwaita watu kwa baba zao. Wanazuoni waliruhusu lakabu kama "kiguru" kwa ajili ya kumtambulisha mtu, si kwa kumdharau. Basi andika lakabu ya babu hata ikiwa si nzuri, lakini usimwite nayo mjukuu wake sokoni.

Hatua tano

1. Anza na walio hai, leo. Muulize bibi: mama yake alimwitaje? Wenzake kazini je? Uhamishoni je?
2. Kila jina liandikie mahali, miaka, na nani amekuambia. Hiyo ndiyo isnadi yako.
3. Usiunganishe watu wawili kwa jina tu. Tafuta pia jina la baba, ukoo, kijiji au kazi.
4. Tafuta karatasi: stakabadhi za kodi, vyeti vya ndoa, kadi za wakimbizi. Koboko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi 2005, kwa hiyo usiishie ofisi moja.
5. Siku ya msiba, tangaza majina yote, pamoja na lakabu.

Mtume (s.a.w.) alihimiza tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga undugu. Likizo hii, kabla ya kuomba nauli ya kurudi chuoni, kaa na mzee mmoja wa nyumbani ukiwa na daftari.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atuwezeshe kuwalipia madeni yao. Amin.