Noeli ya Charlie Brown na Watoto wa Nyumbani Mwetu

Majilio yafikapo, wazazi wengi hujiuliza ni sinema gani wawape watoto kutazama siku za Noeli. Zipo nyingi, na zilizo nyingi hazina ubaya wala uzuri: zina theluji, zina mzee mwenye ndevu nyeupe na mfuko wa zawadi, zina kelele, zikiisha, mtoto hana la kuuliza. Leo twapenda kusema habari za sinema moja ambayo mtoto akiitazama vema ataondoka na swali. Jina lake ni A Charlie Brown Christmas, yaani Noeli ya Charlie Brown, nayo ni sinema ya katuni iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Marekani, katika televisheni ya CBS, usiku wa tarehe 9 Desemba 1965. Urefu wake haufiki nusu saa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mvulana Charlie Brown aona Noeli yakaribia, naye hana furaha, wala hajui sababu. Wenzake wateleza juu ya barafu, kila mtu asema sasa ndio wakati wa kufurahi. Na kwa ajili hiyo hasa huzuni yake yazidi, maana ajiona ana kasoro. Afungua sanduku la barua, hakuna hata kadi moja aliyoletewa. Aenda kwa msichana Lucy, aliyeweka kibanda cha kutibu huzuni za watu kwa senti tano, na Lucy amshauri aongoze mchezo wa kuigiza wa Noeli. Lakini huko nako mambo ni yale yale. Lucy mwenyewe hataki wanasesere, ataka ardhi na majumba. Sally, mdogo wake Charlie Brown, amwandikisha kaka yake barua ya kwenda kwa Baba Noeli, na mwishowe asema kwamba ikiwa kazi ni nyingi mno, basi apelekewe fedha taslimu. Hata mbwa Snoopy amekipamba kibanda chake kwa taa za rangi apate kushinda zawadi ya fedha, naye ashinda.

Twawaomba wazazi wasiipite upesi sehemu hii ya mwanzo. Sisi watu wazima twapenda kumkemea mtoto asiyefurahi siku ya sikukuu. Twamwambia: umepewa nguo mpya, umekula wali na nyama, wataka nini tena? Charles Schulz, aliyeitunga hadithi hii, hakumkemea mtoto wake. Amwacha aseme wazi kwamba hana raha, na aseme mbele ya wenzake watakaomcheka. Huenda katika nyumba yako yupo mtoto ambaye Noeli hii ni ya kwanza bila bibi yake, au ambaye baba yake yu mbali kwa ajili ya kazi. Mtoto huyo akimsikia Charlie Brown, atajua kwamba si yeye peke yake. Hapo mzazi asiharakishe kutoa mafundisho ya kushukuru. Akae karibu naye, yatosha.

Yafaa pia kujua jinsi sinema hii ilivyopatikana, maana mna jambo la kuchekesha ndani yake. Hadithi inayolalamika kwamba Noeli imemezwa na biashara iligharimiwa na kampuni ya Coca-Cola! Jina la kampuni hiyo lilionekana ndani ya sinema yenyewe ilipoonyeshwa mara ya kwanza, baadaye likaondolewa. Hatusemi haya ili kuidharau kazi. Twayasema kwa sababu mtoto mkubwa aweza kuyafahamu, na ni vema ajue kwamba fedha ya tangazo na neno jema huweza kukaa katika chombo kimoja, naye ajifunze kuvitenganisha.

Walioitengeneza walikuwa wachache. Lee Mendelson alikuwa mtayarishaji, Bill Melendez, mzaliwa wa Mexico, aliongoza kazi ya uchoraji, na sauti ya mbwa Snoopy ni yake, Schulz alitunga. Schulz alikuwa tayari na sifa kubwa, kwani vikatuni vyake vya Peanuts vilianza kutolewa katika magazeti tangu tarehe 2 Oktoba 1950. Muda waliopewa ulikuwa miezi sita tu. Badala ya watu wazima kuigiza sauti za kitoto, kama ilivyokuwa desturi, walitafuta watoto wenyewe, na baadhi yao walikuwa wadogo hata hawakujua kusoma. Ikawapasa kutajiwa maneno yao kidogo kidogo, nao wakayarudia. Ndiyo sababu usemi wao una kigugumizi fulani cha utoto, nasi twakipenda. Muziki ulitungwa na Vince Guaraldi, mpiga piano wa jazi, na nyimbo ziliimbwa na watoto wa kwaya ya kanisa la Kiepiskopali la Mtakatifu Paulo katika mji wa San Rafael, jimbo la California.

Katika mambo mawili Schulz alikuwa mgumu. La kwanza, alikataa vicheko vya kurekodiwa, vile ambavyo televisheni ya siku zile iliviweka chini ya kila mzaha ili kumwambia mtazamaji mahali pa kucheka. La pili lilikuwa zito zaidi. Alitaka mtoto mmoja asimame asome Injili, si kwa kudokeza, bali maneno yenyewe. Wenzake waliogopa, walisema jambo hilo halijapata kufanywa katika katuni. Schulz, Mkristo wa Kiprotestanti aliyewahi kufundisha Biblia kanisani, aliwajibu kwa kuwauliza: sisi tusipofanya, nani atafanya? Wakubwa wa CBS nao walipoiona kazi iliyokwisha hawakupendezwa. Kadiri ya masimulizi ya Mendelson, waliiona inakwenda polepole mno, wakakusudia kuionyesha mara moja tu kwa kuwa ilikuwa imekwisha kupangwa. Usiku ule karibu nusu ya watazamaji wa televisheni katika nchi nzima waliitazama. Baadaye ikapata tuzo za Emmy na Peabody.

Sasa twafika penye kiini. Charlie Brown atumwa kununua mti wa Noeli kwa ajili ya mchezo. Miaka ile Marekani palikuwa na mtindo wa miti ya alumini, yenye kung'aa kama sufuria mpya, na Lucy amwagiza alete mkubwa wa namna hiyo, hata wa rangi ya waridi akiupata. Naye kati ya miti yote achagua kimti kidogo cha kweli, kilichopukutika, ambacho hakingeweza kununuliwa na mtu mwingine. Arudi nacho, wote wamcheka. Ndipo apaza sauti kwa uchungu na kuuliza kama yuko mtu yeyote ajuaye maana ya Noeli.

Anayejibu ni Linus, ndugu yake Lucy, mtoto ambaye hatembei bila blanketi lake. Aenda katikati ya jukwaa, aomba taa zipunguzwe, kisha asema kwa sauti ya utulivu habari ya Mtakatifu Luka, sura ya 2, aya ya 8 hadi ya 14: jinsi malaika alivyowatokea wachungaji kondeni usiku, akawapasha habari ya kuzaliwa Mwokozi, na jinsi jeshi la mbinguni lilivyomsifu Mungu. Hakuna muziki, hakuna mzaha. Afikapo mahali malaika anapowaambia wachungaji wasiogope, Linus aliachia blanketi lake lianguke. Hakuna anayelitaja jambo hili katika sinema. Mtazamaji aweza kuitazama mara kumi asilione. Mwishoni aliokota tena, maana bado ni mtoto, amwambia Charlie Brown kwa kifupi kwamba hiyo ndiyo maana ya Noeli, kisha anyamaza.

Wazazi wapenzi, angalieni kwamba Linus hakushika kitabu. Aliyasema kwa moyo. Tena mapema katika hadithi, dada yake alipompa sehemu yake katika mchezo, alilalamika kwamba hawezi kukariri maneno upesi hivyo, hata Lucy akamtishia kwa ngumi. Na sehemu aliyopewa ilikuwa nini? Mchungaji, na blanketi lake likiwa kilemba! Basi mtoto aliyesema hawezi kukariri mistari ya mchezo alikuwa amekwisha kuwa nayo moyoni habari nzima ya wachungaji. Hadithi haisemi aliipata wapi. Lakini kila mzazi ajua hupatikana wapi: kwa mama asaliye na watoto kabla ya kulala, kwa babu asimuliaye, kwa katekista arudiaye somo lile lile mwaka baada ya mwaka mpaka lishike.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba sinema njema yatosha kuwafundisha watoto dini. Haitoshi. Sinema hii yaweza kuuliza swali la Charlie Brown ndani ya nyumba yako, tena kwa ustadi kuliko sisi. Jibu la Linus haliwezi kuliweka ndani ya kifua cha mwanao kwa dakika moja. Ikiwa mtoto hajapata kuyasikia maneno yale, atamwona Linus kama mtoto anayekariri kitu kirefu, atangojea mbwa arudi. Ikiwa ameyasikia, atageuka kukutazama, na macho yake yatasema: haya nayajua.

Sehemu ya mwisho ina jambo ambalo watu wengi hulipita. Charlie Brown auchukua mti wake nyumbani, atundika pambo moja alilolitoa katika kibanda cha Snoopy, na mti wote wainama hadi chini. Adhani ameuua, aondoka kwa huzuni. Wenzake waja nyuma yake. Linus azungusha blanketi lake penye shina, lile lile alilolidondosha; wengine wayaondoa mapambo yote ya kibanda cha mbwa na kuuvika mti. Mara wapendeza. (Mtoto mwerevu atauliza matawi yale mengi yametoka wapi ghafula. Nasi pia twajiuliza.) Angalieni basi kwamba Schulz hakuyatupa mapambo. Ni yale yale yaliyoshinda zawadi ya fedha, yamehamishwa tu. Mzazi atakayetoka katika sinema hii akiwatangazia watoto kwamba mwaka huu hakuna nguo, hakuna kuku, hakuna safari ya kwenda kwa babu, kwa kuwa hayo yote ni biashara, hakuielewa. Heri aulize nguo zile zimenunuliwa kwa ajili ya nani, na kama jirani mwenye watoto wasio na kitu amekumbukwa.

Wacheke pia, maana sinema ni ya kuchekesha, na Snoopy ana vituko vingi. Ila wadogo huenda wakajifunza upesi majina ya dharau ambayo watoto wale wamwita Charlie Brown. Hatungeikataza sinema kwa ajili hiyo. Ni afadhali kuwauliza baadaye: wakati wote walipomcheka, ninyi mlicheka pamoja nao? Swali hilo huleta kimya kizuri.

Kwa miaka mingi watu wa Marekani hawakuwa na njia ya kuitazama sinema hii isipokuwa usiku uliotangazwa. Aliyeukosa alingoja mwaka mzima. Kwa hiyo jamaa walikusanyika, wakubwa kwa wadogo, mbele ya televisheni moja. CBS iliionyesha hadi mwaka 2000, kisha ABC tangu 2001 hadi 2019. Mwaka 2020 haki za kuionyesha zilikwenda kwa kampuni ya Apple, ambayo huitoa kwa njia ya intaneti, na watu wengi wakalalamika, hata mwaka huo na mwaka 2021 ikaonyeshwa pia bure na televisheni ya umma ya PBS. Wengine waliwacheka waliolalamika, wakisema sasa kila mtu aweza kuitazama saa apendayo. Sisi twaona walikuwa na haki. Saa apendayo kila mtu si saa ya jamaa nzima. Mmoja ataitazama kwa simu kitandani, mwingine basini, na wa tatu ataiacha katikati. Usiku ule uliolazimishwa na ratiba haurudi tena, basi baba na mama ndio watakaoweka ratiba.

Basi chagueni jioni moja kabla ya mkesha wa Noeli. Simu ziwekwe mbali, na bibi akiwapo, apewe kiti cha mbele. Sinema ni ya Kiingereza. Mmoja anayekijua aeleze kwa ufupi, ila maneno ya Linus yasifasiriwe juu kwa juu. Mwacheni aseme. Mwisho wa sinema zimeni televisheni, na mmoja wa watoto, hata akiwa msomaji wa polepole, asome kwa Kiswahili aya zile zile za Luka. Watazisikia tena kanisani, kwani Injili ya Misa ya usiku wa Noeli ni hiyo hiyo. Kazi yote, sinema na somo, haimalizi saa moja, na wadogo watakuwa bado macho.