Umri wa Ndama kwa Futi Kamba
Kwa wafugaji wa Kabuku na vijiji jirani

Ukimuuliza mfugaji wa Kabuku mtamba wake ana umri gani, huenda akajibu: "Alizaliwa ile vuli iliyokosa mvua." Jibu hilo si baya, maana lina majira ndani yake. Shida huanza mnyama akiuzwa: mnunuzi hakuiona vuli ile.

Hapo futi kamba husaidia. Ng'ombe asimame sawa, pasipo mteremko. Izungushe kifuani, nyuma ya nundu na nyuma ya miguu ya mbele, bila kukaza. Pimeni ndama na ng'ombe wengi ambao tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana, na kila kipimo kiwekewe nukta kwenye grafu ya umri na kipimo. Nukta zitapanda kwa kasi, kisha zitalala. Mstari unaopita katikati yake ndio mstari wa ukuaji: mnyama asiyejulikana umri, tafuta kipimo chake kwenye mstari huo, usome umri wake. Wataalamu wana kanuni za kuuchora. Mojawapo ni ya Mwingereza Benjamin Gompertz, ya mwaka 1825. Yeye alikuwa akipiga hesabu za vifo vya watu, ng'ombe hawakuwamo. Kusoma umri kwa kipimo hufanyika hata kwa wanyamapori: huko Amboseli, Kenya, watafiti wamekadiria umri wa tembo kwa urefu wa unyayo wa mguu wa nyuma, bila kumsogelea mwenyewe.

Lakini mstari ukishalala, hausemi tena. Kwa ndama, sentimita chache ni miezi. Kwa ng'ombe mzima, sentimita hizohizo zaweza kuwa miaka. Kifua pia hupungua kiangazi, kwa hiyo pima na kimo: mfupa haukondi. Ndama ambaye mama yake alikamuliwa maziwa yote ataonekana mdogo kuliko umri wake. Na mstari wa ng'ombe wa kisasa wa maziwa usimpimie zebu wetu, utamfanya mkubwa aonekane ndama.

Kwa mkubwa, fungua kinywa. Meno ya mbele ni manane, yote ya taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota akiwa na miaka kama 2, jozi ya mwisho kati ya miaka 4 na 5. Zebu huweza kuchelewa. Baada ya hapo unasoma kuchakaa kwa meno tu, na hapo hata mzoefu hukosea.

Daftari la shule linatosha. Ndama akizaliwa leo, andika tarehe leo, kisha mpime kila mwezi hadi atimize miaka 2.