Kutu Si Uhalisia: Majibu kwa Wanaounda Pikapu za Hotirodi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu gari moja: pikapu ya Ford Model A ya mwaka 1929, iliyovuliwa madigadi, ikashushwa na kupachikwa injini ya V8, kama walivyokuwa wakifanya vijana wa kusini mwa California. Vipimo vyote hapa ni vya skeli ya 1/25. Anayetaka kujua kipande kipi kinaingia wapi asome karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi. Mimi najibu yaliyonikera na yaliyonitia hofu.

Fundi, kutu nzuri inatengenezwa kwa chumvi, majani ya chai au unga wa tofali?

Barua za namna hii ni rundo, nazijibu kwa mpigo. Kabla ya kuuliza kutu inapakwa kwa nini, jiulize imefikaje hapo.

Vijana waliokuwa wakikimbiza magari kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage, ambao klabu zao ziliungana mwaka 1937 kuunda chama cha SCTA, waliishi kwenye nchi kavu. Bati lao halikuoza hovyo. Tena gari lilikuwa ndilo fahari ya mwenyewe: alivua madigadi ili kupunguza uzito na upepo, akabadilisha injini, hela ikabaki akapiga rangi. Isipobaki, gari lilitembea na praima mwaka mzima. Umaskini wa hotirodi ya zamani unaonekana kwenye praima, wala si kwenye kutu. Mtindo wa kuacha gari lichakae makusudi ulishika kasi miaka mingi baadaye. Ukiutaka huo, haya, lakini usiniambie umeunda gari la mwaka 1948.

Na hata huo una kanuni. Jua hula rangi juu ya boneti. Maji hula bati chini ya mlango, kwenye maungio, na kwenye kona za boksi la mizigo ambako tope hujikusanya. Kutu iliyonyunyiziwa gari zima sawasawa haijawahi kutokea duniani. Wiki hii nimetumiwa picha ya pikapu yenye kutu nyekundu kwenye vichwa vya silinda vya alumini. Alumini haishiki kutu! Huchujuka ikawa kijivu, basi. Chini ya vichwa hivyo, mabomba ya moshi, ambayo ni chuma kinachochomwa kila siku, yameachwa yanameta kama kijiko cha harusi.

Unataka gari lionekane limetumika? Fuata kazi yake. Weka tone la oili chini ya gia boksi, vumbi hafifu la rangi ya maziwa ya chai nyuma ya magurudumu, ukahawia kwenye bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini, mikwaruzo ndani ya boksi la mizigo, na rangi iliyolika kwenye pedali ya klachi. Chaki iliyosagwa na brashi kavu vinatosha. Majani ya chai yapeleke jikoni.

Nimerudia rangi mara tano na bado gari haling'ai kama la kweli.

Linang'aa kupita la kweli, na hilo ndilo tatizo. Rangi ya gari halisi, na praima yake, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Igawe kwa 25, uone kilichobaki. Hakuna mkono unaoweza kupuliza rangi nyembamba kiasi hicho, kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza, si kuongeza. Chimbua mistari ya milango kwa mgongo wa kisu kabla ya praima, halafu puliza nyepesi nyepesi. Mstari wa mlango ukijaa rangi, mlango umeshafungwa milele.

Rangi za chenga nazo zipime. Chenga ya milimita 0.2 kwenye modeli ni sawa na kipande cha milimita 5 kwenye gari halisi. Nani aliwahi kupaka gari vipande vya bati?

Mbona pikapu yangu inaonekana kama ya kuchezea?

Iweke mezani, uinamie macho yawe usawa wa tairi. Pua iko juu, siyo? Hotirodi hushusha pua: tairi nyembamba mbele, nene nyuma, ekseli ya mbele imepindwa kushusha gari. Sentimita 10 za kushusha ni milimita 4 kwenye modeli, na milimita hizo 4 zina kazi kuliko kromu yote iliyomo kwenye boksi.

Waliopachika bodi ya Model A juu ya fremu ya Ford ya 1932, kama wengi walivyofanya California, wakumbuke kwamba umbali kati ya ekseli umeongezeka kutoka inchi 103.5 hadi 106. Kwenye skeli yetu ni milimita 2 na nusu, zinatosha kulifanya gurudumu la nyuma lionekane limekimbia bodi. Shikiza kila kitu kwa utepe kwanza, utazame, ndipo ushike gundi.

Kwenye V8 ya Ford ya 1932 nimeweka mabomba manne ya moshi kila upande. Rafiki yangu anacheka.

Ana haki ya kucheka. Injini ile ina matundu matatu kila upande, kwa sababu silinda mbili za katikati zinatumia tundu moja. Moshi hupita ndani ya bloku, karibu na maji, ndiyo maana ilisifika kwa kuchemsha. Ukitaka manne, tumia V8 ya Chevrolet ya 1955, ila distribyuta yake hukaa nyuma. Ya Ford ile iko mbele.

Nyaya za plagi nazo: waya halisi wa milimita 7 ni milimita 0.28 kwenye modeli. Fungua mota ndogo iliyokufa, chukua waya wa koili yake. Uzi wa kushonea una manyoya, uache.

Nimeshauriwa kuloweka vipande vya kromu kwenye petroli.

Aliyekushauri hakupendi. Petroli inaharibu plastiki ya modeli, na ndani ya nyumba ni moto unaosubiri kiberiti. Kromu hiyo ni utando mwembamba wa alumini; Jik inauondoa. Vaa glavu, suuza vizuri, na usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Modeli ya zamani niliyonunua, tairi zimezama kwenye rimu. Ni joto?

Joto linaharakisha tu. Tairi za vinyl zina kilainishi kinachovuja taratibu na kuyeyusha plastiki inayogusana nazo. Zitenge kwenye mfuko wake, na gari likikamilika weka karatasi ya fedha kati ya tairi na rimu.

Kioo kimeingia ukungu mweupe.

Supaglu. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao.

Naweza kutumia tairi za skeli ya 1/24?

Ndiyo.

Napuliza rangi chumbani usiku, dirisha nimefunga kuzuia vumbi. Mtoto analala humo humo.

Acha leo. Thina haijui kwamba wewe ni fundi wa modeli. Puliza nje asubuhi kabla upepo haujaamka, au barazani, ukiwa na barakoa ya mvuke yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa haizuii kitu. Vipande vya resini visugulie ndani ya maji, vumbi lake lisifike mapafuni. Vumbi likitua kwenye boneti, msasa laini na maji vitaliondoa. Mtoto ahamie chumba kingine mpaka harufu iishe kabisa.